Ninunue GPS ipi ya mkononi kwa ndege ndogo?

Swali: Shikamoo Kapteni. Mwaka huu nimepata leseni ya urubani binafsi, naruka na Cessna 172 ya kukodi. Safari zangu ni Moshi, Arusha na Manyara, na baadaye natamani kufika Seronera kule Serengeti. Kaka yangu yuko Houston, amepata Garmin GPSMAP 496 iliyotumika, bei yake nafuu sana. Rafiki yangu mmoja ananiambia niachane na vitu vya kale, nijikusanye ninunue aera 760 mpya. Mwingine anasema kishikwambi kinatosha, kwamba hizo GPS za mkononi zimepitwa na wakati. Nimsikilize nani? Na je, kuna kibali kinachohitajika? — Msomaji, Moshi

Jibu: Marahaba kijana wangu, na hongera kwa leseni.

Hao marafiki zako wote wawili wanabishana kuhusu modeli, na modeli si jambo la kwanza. La kwanza ni kujua kifaa hicho kitafanya nini hapa kwetu, kati ya Meru, Kilimanjaro na Bonde la Ufa. GPS nyingi za ndege zimetengenezwa zikimlenga rubani wa Marekani, na sehemu kubwa ya yale yanayosifiwa kwenye boksi yanaishia kulekule.

Chukua hiyo 496. Ilipotoka mwaka 2006 watu waliigombania kwa sababu ilionyesha hali ya hewa moja kwa moja kwenye kioo, mvua na radi, wakati rubani yuko angani. Habari hizo zilikuja kwa setilaiti za XM, ambazo zinahudumia Amerika ya Kaskazini. Hapa hutaona hata wingu moja. Kuna WAAS pia, inayosahihisha GPS mpaka makosa yawe ya mita moja au mbili. Hiyo nayo ni ya Amerika ya Kaskazini, na ile ya Ulaya, EGNOS, haihudumii Tanzania. Vifaa vipya navyo vinatangazwa kwamba vinapokea taarifa za hewa kutoka minara ya ardhini kwa masafa ya 978 MHz. Minara hiyo iko Marekani. Kwa hiyo muuzaji akianza kukuhesabia sifa hizo, zipunguze kwenye bei unayokubali kulipa.

Usisikitike sana kuhusu WAAS. GPS ya kawaida, tangu Marekani ilipoacha kuyapotosha mawimbi yake kwa makusudi Mei 2000, inakupa mahali ulipo kwa makosa ya mita chache. Kwa mtu anayeruka kwa kuona ardhi, usahihi huo unazidi anavyohitaji.

Sasa tuje kwa kaka yako. 496 iliuzwa kwa matoleo ya kanda. Toleo la Amerika lina ramani ya Amerika, na toleo linaloitwa Atlantic ndilo lenye Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika. Kifaa kilichonunuliwa Texas, uwezekano mkubwa ni cha Amerika. Kikifika Moshi kitapata setilaiti vizuri tu, kitakuambia uko nyuzi ngapi za latitudo na longitudo na unaenda kwa kasi gani, lakini chini ya alama ya ndege kutakuwa karibu patupu. Viwanja havipo, na ukurasa wa ardhi, ule unaokuonya kwa rangi kuhusu milima, hauna milima. Hapo ndipo penye hatari yenyewe. Rubani mchanga akiona ukurasa wa ardhi umetulia, bila nyekundu wala njano, anadhani njia ni salama, kumbe kifaa hakina habari yoyote ya kumpa. Mlima Meru una mita 4,566, yaani karibu futi 15,000, na asubuhi za Juni hadi Agosti huwa umefunikwa na mawingu mpaka mashambani.

Jaribio lake ni rahisi na halihitaji kusafirisha kitu. Mwambie kaka akiwashe akiwa hukohuko Houston, asogeze ramani mpaka kaskazini mwa Tanzania, avute karibu. Atafute uwanja wa Arusha kwa msimbo wake wa kimataifa, HTAR, kisha Moshi, HTMS, na KIA, HTKJ. Halafu aweke kishale juu ya Kilimanjaro aone kama kifaa kinatambua kwamba pana mlima wa mita 5,895. Kama havipo, basi hiyo bei nzuri si nzuri. Kama vipo, aangalie tarehe ya hifadhidata. Taarifa za anga hubadilishwa kwa mzunguko wa siku 28 duniani kote. Kwa ruka zako huna haja ya kununua kila toleo, ila hifadhidata ya miaka kumi iliyopita ni ya kutazama milima tu, kwa sababu milima haihami. Mipaka ya anga, masafa ya redio na viwanja vinahama. Kabla hujatuma hela, uliza kama mtengenezaji bado anatoa hifadhidata mpya za modeli hiyo kwa kanda yetu.

Aangalie pia tarehe ya leo inayoonyeshwa baada ya kifaa kukaa nje penye uwazi. GPS huhesabu wiki mpaka 1,024 kisha huanza upya, na mara ya mwisho kuanza upya ilikuwa Aprili 2019. Baadhi ya vifaa vya zamani visivyosasishwa vilirudi nyuma karibu miaka ishirini. Mahali ulipo panaweza kuwa sahihi hata hivyo, lakini saa za jua kuchwa na tarehe za hifadhidata zinavurugika, nami kifaa cha namna hiyo sikichukui.

Betri ya kifaa cha umri huo ichukulie kuwa imekufa mpaka uthibitishe vinginevyo. Nunua mpya, na ulizia kwanza kama inapatikana. Chaja nayo ina mtego wake: Cessna 172 za zamani zina umeme wa volti 14, lakini tangu zile za 1978 ni volti 28. Chaja ya gari ya mtaani haijatengenezwa kwa hiyo ya pili, na nimeona zikifuka moshi ndani ya kebini, jambo ambalo hulitaki ukiwa futi 9,500 juu ya Monduli. Tafuta inayoandikwa kwamba inapokea volti 10 hadi 30 na kitu.

Kitu kimoja ambacho vijana wanakidharau kwenye hiyo 496 ni vitufe. Mchana wa saa nane, ukivuka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyara, hewa moto inapanda ukutani na ndege inarukaruka. Jaribu kugusa kialama cha sentimita moja kwenye kioo laini wakati huo, uone kidole kinaangukia wapi. Kwa vitufe unashika pembe ya kifaa na kidole gumba kinafanya kazi.

Kuhusu kishikwambi, rafiki yako hajakosea, ila amerahisisha mno. Kama unafikiria iPad, ile ya Wi-Fi tupu haina kipokezi cha GPS ndani. Lazima iwe ya kuwekea laini ya simu, hata kama hutaweka laini, au ununue kipokezi cha pembeni cha Bluetooth kama Garmin GLO au Bad Elf. Ramani zote uzipakue nyumbani kwa bando lako kabla ya kutoka, kwa sababu ukishapita Mto wa Mbu mtandao unakuja na kuondoka unavyotaka. Na kabla ya kulipia programu yoyote, fungua orodha ya nchi zake uone kama Tanzania imo pamoja na viwanja vya porini. Nyingi zina Ulaya iliyojaa kila ua na Afrika yenye viwanja vikubwa peke yake.

Tatizo kubwa zaidi la vishikwambi ni jua. Apple wenyewe wanaandika kwamba iPad itumike kwenye joto lisilozidi nyuzi 35. Ndege iliyoegeshwa Moshi mchana wa Februari, vioo vimefungwa, inapita hapo kabla hujamaliza ukaguzi wa nje. Kifaa kikizidiwa kinazima chenyewe na kukuandikia kwamba kinapoa. Ukikitumia, kiweke pajani kivulini, si juu ya dashibodi. Halafu kioo chake kinang'aa, na ukivaa miwani ya jua ya polaroidi unaweza kukiona cheusi kabisa ukikigeuza upande mmoja. GPS iliyotengenezwa kwa ajili ya ndege inasomeka juani, na kwa kweli hicho ndicho unachokilipia zaidi.

Kwa hiyo ningekuwa wewe? 496 ningeichukua kwa sharti moja tu, kwamba ni toleo la Atlantic au jaribio la Kilimanjaro limefaulu, na bei iwe ndogo kiasi kwamba ikifa baada ya mwaka hutalia. aera 760 ni kifaa kizuri, sina neno nacho. Ilipotoka 2020 bei yake ilikuwa kama dola 1,600, kabla ya nauli na ushuru wa kuingiza. Lakini kioo cha inchi saba kwenye usukani wa 172 kinakuziba saa za vipimo na swichi za chini, na wewe ndege ni ya kukodi, leo unapewa hii kesho ile. Ndogo yake, aera 660 ya inchi tano, ikiwa imetumika na ina hifadhidata ya kanda yetu, ndiyo ningeitafuta. Simu yako iwe akiba mfukoni, ina GPS tayari na haikugharimu kitu cha ziada. Dola zinazobaki ni saa za kuruka, na saa ndizo unazozihitaji kuliko kioo kikubwa.

Niongeze mambo ya matumizi, kwa sababu kifaa chochote utakachonunua, makosa ni yaleyale.

Kwenye kila GPS ya ndege kuna kitufe chenye herufi D iliyochomwa mshale. Ukibonyeza na kuchagua uwanja, kinachora mstari ulionyooka. Mstari huo haujui chochote. Kutoka Moshi kwenda Arusha ni takribani maili 42 za baharini, na ukinyooka unapita jirani kabisa na KIA, kwenye anga inayoongozwa, ambako lazima uwe umeongea na mnara kabla ya kuingia. Kutoka Arusha kwenda uwanja wa Manyara, ule ulio juu ya ukingo, mstari unakupeleka karibu na Essimingor, mlima unaozidi mita 2,000. Siku ya jua unauona tangu mbali na kuuzunguka. Siku ya mawingu ya chini unajikuta unabanwa kati ya wingu na mlima huku kioo kinakuonyesha mstari mzuri wa zambarau. Jitengenezee njia yako chini, ukiwa na chai, yenye pointi mbili tatu za kuzunguka, uihifadhi. Barabara kuu ya kwenda Makuyuni na Mto wa Mbu inakuongoza vizuri kuliko mstari.

Rangi za ardhi kwenye Garmin za mkononi zina maana maalumu: njano ni ardhi iliyo chini yako kwa kati ya futi 1,000 na futi 100, nyekundu ni iliyo chini yako kwa chini ya futi 100 au iliyokuzidi kimo. Ukingoja nyekundu ndipo ugeuke, kwa 172 iliyochoka kwenye kimo chetu, umechelewa. Mimi njano ikitokea mbele yangu nahesabu kama ukuta.

Jambo ambalo sioni likifundishwa vya kutosha ni kasi. Arusha iko futi 4,550 juu ya bahari. Siku ya nyuzi 28 hewa yake ni nyepesi kama ya futi 7,000 na zaidi. Ukija kutua kwa noti 65 (maili za baharini kwa saa) kwenye saa ya kasi, bila upepo, GPS itakuandikia kama 72. Rubani aliyezoea kutazama namba kubwa ya GPS anaona anakuja mbio, anavuta usukani kupunguza, na kasi halisi ya mbawa inashuka kuelekea pale zinapoacha kubeba. GPS inapima unavyopita juu ya ardhi. Bawa halijui ardhi, linajua hewa. Ukishaanza kushuka kwa ajili ya kutua, sahau kabisa kwamba kifaa kina namba ya kasi, au ifiche kwenye ukurasa mwingine.

Kimo nacho hivyohivyo. Utaona GPS inasema uko juu kuliko altimita, yaani kipima kimo cha ndege, mara nyingi kwa futi mia mbili au zaidi ukiwa futi 10,500. Hakuna kilichoharibika. Altimita inapima mgandamizo na imetengenezwa kwa hewa ya wastani ya dunia, hewa yetu ina joto zaidi, na tofauti inakua kadiri unavyopanda. Ndege zote zinazokuzunguka zinatumia altimita, na mwongozaji anakupanga kwa altimita. Ukishikilia kimo cha GPS kwa kuwa kinaonekana cha kisasa zaidi, umejiondoa kwenye mpango wa wenzako bila kumwambia mtu.

Viwanja vya kambi porini vingi havimo kwenye hifadhidata, au vimo mahali pasipo sahihi, kwa hiyo utapewa namba za latitudo na longitudo na kuziingiza mwenyewe. Kuwa mbishi hapo. Uliza ziko kwa mtindo gani: 3°22'30" ni sawa na 3°22.50', si 3°22.30', na ukichanganya hizo mbili umekosea mita 370. Uliza zimetoka wapi: zikitoka kwenye ramani za serikali za zamani za 1:50,000, hizo zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960 na si WGS 84 wa GPS, tofauti yake hapa ni takribani mita 300, kiasi cha kukupeleka upande wa pili wa korongo. Na hakikisha umeweka S, yaani kusini. Ukiacha N iliyoletwa na kifaa kutoka Houston, uwanja wa Arusha utaukuta karibu na Ziwa Turkana. Ukishatua salama mahali, egesha mwanzoni mwa njia ya kurukia, hifadhi pointi yako mwenyewe, na hiyo ndiyo utakayoiamini safari ijayo.

Kuwasha: kifaa kilichovuka bahari kikiwa kimezimwa kina kumbukumbu ya setilaiti za kwingine. Kiweke nje, mbali na ukuta na mti, ukiache robo saa. Ratiba kamili ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu kushuka. Watu wanakiwasha ndani ya hanga la mabati, kinakataa, wanasema ni kibovu. Na 172 ina bawa juu, linaziba nusu ya anga ukikiweka chini sana, kwa hiyo kisogeze mbele karibu na kioo ila mbali na dira. Ukikipachika kwenye usukani, usukume na kuuvuta mpaka mwisho, uuzungushe kushoto na kulia, ukiwa bado chini, uone hakuna waya unaokamata.

Kutazama nje ndiyo kazi yako ya kwanza bado. Michael Grzimek, yule Mjerumani aliyekuwa akihesabu wanyama Serengeti pamoja na baba yake Bernhard kwa ndege yao ya Dornier iliyopakwa mistari ya punda milia, alikufa Januari 10, 1959 baada ya kugongana na tai mzoga. Kaburi lake liko ukingoni mwa Ngorongoro. Tai hao bado wapo, wanapanda na hewa ya joto kuanzia saa nne asubuhi, na hakuna GPS ya bei yoyote inayowaonyesha. Ukienda Seronera utawakuta.

Kibali: GPS ya mkononi inayokaa kwa kishikizo cha kunata kiooni au cha kubana kwenye usukani, na kuchomekwa kwenye tundu la chaja, haihesabiki kuwa sehemu ya ndege. Kwa kuruka kwa kuona ardhi ni msaada wako binafsi. Ramani ya karatasi na dira vinabaki. Lakini haikuruhusu kuruka kwa vyombo ndani ya mawingu, hata iwe mpya na ghali vipi, kwa sababu kwa hilo kinahitajika kifaa kilichoidhinishwa na kufungwa kwenye ndege yenyewe. Na siku utakapotaka kukifunga kwa skrubu au kuunganisha waya kwenye umeme wa ndege, usimwite fundi redio wa mtaani. Hiyo ni kazi ya injinia wa ndege mwenye leseni, iandikwe kwenye kitabu cha ndege, na kwa kuwa ndege si yako, mwenye ndege akubali kwanza.